Mwanafunzi wa Sheria na Haki ya Mnyonge

(Maneno ya padre kwa vijana wanaoanza masomo ya sheria, mbele ya wazazi na viongozi wa walei, Ras Mkumbi, Mafia)



Tumekusanyika katika ncha hii ya kaskazini ya kisiwa chetu, karibu na mnara wa taa uliojengwa zamani za Wajerumani, ili kuwaaga vijana wanaovuka bahari kwenda kusomea sheria. Sitawahimiza kuwa na bidii, maana wazazi wenu wamekwisha kufanya hivyo. Nitasema juu ya mambo matatu: kusoma, kuandika, na kujiandaa kwa kazi. Lakini kwanza niungame kosa langu.

Nilipokuwa padre kijana katika parokia moja ya bara, alinijia mama mjane. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imetoa uamuzi wa mirathi, na shamba alilolilima pamoja na marehemu mumewe likaangukia kwa shemeji yake. Aliniomba nimwandikie barua. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma falsafa na teolojia, nilijiona mwandishi hodari. Niliandika kurasa 4 juu ya utu, huruma na machozi ya wajane, nikaipeleka kwa kiongozi mmoja wa serikali. Sikujua kwamba rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Wala sikujua kwamba aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, akiwa na sababu za msingi. Tulingoja miezi mingi. Jibu lilipofika lilisema tu kwamba shauri hilo ni la mahakama. Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Lakini, Padre, barua ilikuwa nzuri." Shamba lilikwenda. Maneno yale hayajanitoka moyoni hata leo.

Kwanza, kusoma. Msitosheke na muhtasari wa mwalimu wala daftari la aliyewatangulia. Someni sheria yenyewe na hukumu yenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Chukueni mfano wa shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Wengi husimulia kwamba katika shauri hilo mahakama ilikubali kuwa kazi za mke nyumbani, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, hata kama mke hana mshahara. Hilo ni kweli, nalo limewafaa wanawake wengi. Lakini asomaye hadi mwisho ataona kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe ili aanzishe biashara ya familia alikuwa amezitapanya. Basi, mwanafunzi aliyesoma muhtasari atamwambia mama wa kijijini, "Utashinda." Aliyesoma yote atamwuliza kwanza, "Mama, nieleze habari zote."

Kwa hiyo kila msomapo hukumu jiulizeni maswali manne: Ni mambo gani yaliyotokea? Ni swali gani la sheria lililobishaniwa? Mahakama iliamua nini? Na kwa sababu zipi? Majibu yaandikeni kwa maneno yenu wenyewe. Ukishindwa kuyaandika, ujue bado hujaielewa hukumu hiyo.

Pili, kuandika. Barua yangu ilikosa mambo mepesi kabisa: tarehe ya uamuzi, jina la mahakama, na ombi lenyewe. Mwandishi wa sheria huanza na hayo. Aseme nani, lini, wapi, kitu gani, na anaomba nini. Kisha aonyeshe kifungu cha sheria kinachomruhusu kuomba. Andikeni, mwache siku moja, mrudie na kupunguza.

Juu ya lugha nasema hivi. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo, hukumu nyingi za miaka iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza. Jifunzeni Kiingereza vizuri bila kukiogopa, lakini msirudi hapa mkamtisha nacho mvuvi au mkulima. Usipoweza kumweleza bibi yako kifungu cha sheria kwa Kiswahili, kirudie tena.

Tatu, kujiandaa kwa kazi. Mwaka 1961, masomo ya sheria yalipoanza Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wanafunzi walikuwa 14 tu. Leo wahitimu ni wengi, na shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Iko pia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Jipangeni mapema kwa muda na gharama zake. Tena uwakili si njia pekee: wapo mahakimu, waendesha mashtaka na wanasheria wa halmashauri, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi.

Wakati wa likizo, ombeni ruhusa mkae na Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka liwe na wajumbe 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake. Sikilizeni wazee wanavyosuluhisha. Katika pwani yetu mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine. Hayo mtayaelewa vizuri zaidi mkiwa chini ya minazi yenyewe.

Lakini angalieni: mwanafunzi si wakili. Usijifanye wakili, usipokee fedha ya mtu kwa ahadi ya kumshindia kesi, wala usitangaze siri aliyokueleza. Nanyi wazazi, msimgeuze mtoto kuwa silaha ya kumtisha jirani mnayegombana naye mpaka wa shamba.

Wanangu, siku moja atakuja mama mwenye karatasi mkononi. Kabla ya kumpa maneno mazuri, tazameni tarehe iliyoandikwa juu yake. Mungu awabariki na kuwarudisha salama.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika Jumuiya yetu yuko mtu aliyepoteza haki yake kwa kutojua muda uliowekwa na sheria?

2. Je, Baraza la Ardhi la kijiji chetu lina wanawake wa kutosha, nao wanasikilizwa?

3. Tutawasaidiaje vijana wetu wanaosomea sheria, na wao watatusaidiaje bila kuvuka mipaka yao?