Mukombero, Mpaka na Mchimbaji



Dereva wa lori anayengoja zamu yake Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huuziwa vitu vingi, na kimojawapo ni kifungu cha mizizi ya mukombero. Hutafunwa mbichi, una harufu ya vanila, na watu huutafuna wapate hamu ya kula, watulize tumbo au waongeze nguvu za kiume. Waganda huuita mulondo. Wataalamu wa mimea huuita Mondia whitei. Ni mmea unaotambaa juu ya miti, na kwa miaka mingi umechimbwa katika misitu kama ule wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Kinachouzwa ni mzizi wenyewe. Anayeung'oa wote ameumaliza mmea, na kesho yake itambidi aingie ndani zaidi ya msitu.

Watu wengi humlaumu mchimbaji. Mimi simlaumu. Mtu anayelipwa kidogo kuliko wote walio kwenye mnyororo wa biashara, tena anayechimba mahali asipopamiliki, atasubiri mmea ukomae kwa faida ya nani? Ndiyo maana nasema dawa za msitu zitawalisha watu wetu siku mchimbaji atakapokuwa mwenye mmea.

Mambo kama haya yamekwisha kutokea. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dondoo la magome ya Prunus africana, mti wa milima yetu, kwa matatizo ya tezi dume. Wazee wa Afrika walikuwa wakiyachemsha magome hayo zamani. Soko la Ulaya lilipokua, miti ilibanduliwa magome pande zote, na mti uliobanduliwa hivyo hukauka umesimama. Ilipofika 1995 ndipo biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Karibu miaka 30 ilikuwa imepita! Tena udhibiti huo ulilenga kuulinda mti. Mkono uliobandua magome haukuongezewa hata senti.

Sasa tutazame Kakamega, ambako mambo yalikwenda njia nyingine. Wakulima wa kikundi cha Muliru, wanaoishi kando ya msitu, waliacha kutegemea kuingia ndani. Kwa msaada wa watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walipanda mashambani mwao Ocimum kilimandscharicum, jamii ya mrehani yenye harufu kali ya kafuri, wakakamua mafuta yake kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mukombero nao wakaanza kuupanda. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tuzo ni jambo jema, lakini ninachokithamini zaidi ni kwamba mmea uko shambani kwa mkulima na kiwanda kidogo kiko karibu naye. Anauza mafuta na dawa, na hapo ndipo bei inapopanda.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo Kakamega haina, nalo ni mpaka. Mwaka 1902 Waingereza walipouhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, jamii za Iteso na Wasamia zilijikuta pande mbili. Maarifa ya bibi mmoja leo yana serikali mbili. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka yaandikwe katika rejista. Uganda ina sheria ya 2019 ya tiba asilia, inayowasimamia waganga. Nchi zote mbili zimo katika Itifaki ya Nagoya ya 2010 kuhusu kugawana faida ya rasilimali za kijenetiki. Nazipongeza sheria hizi. Hata hivyo, mama mwenye gunia la mizizi kando ya barabara hana rejista wala leseni ya uganga, na hakuna kampuni itakayomtafuta igawane naye faida.

Kinachomgusa yeye ni utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa za kanda zisizozidi thamani ya dola 2,000 bila ushuru, mradi zimo katika orodha iliyokubaliwa. Ombi langu kwa maafisa wa Busia na Tororo ni kwamba mukombero uliopandwa upate nafasi ya wazi katika orodha hiyo, na cheti cha afya ya mimea kitolewe hapo hapo mpakani kwa ada ambayo mchuuzi anaimudu.

Kwa waganga nina neno moja zito. Mgonjwa wa kifua kikuu au wa virusi vya ukimwi asiambiwe aache vidonge vya hospitali. Dawa ya mitishamba ikimdhuru mtu mmoja, soko la wote litaporomoka.

Na sisi wa chuo hiki tuna ardhi. Tutenge sehemu tufanye kitalu cha mukombero, tuoteshe miche, na mvua za Machi zikianza tuigawe kwa wachimbaji na wachuuzi wa pande zote mbili, pamoja na miti ya kuutambazia. Wao watufundishe kuchimba mzizi mmoja na kuacha mingine ikiendelea kukua, nasi tuwafundishe kukausha, kupima na kufungasha. Mkataba wa bei uandikwe kabla mche wa kwanza haujaingia ardhini, na uandikwe kwa Ateso, Kisamia na Kiswahili.