Kumhamisha Mji Kijana Anayetumia Unga

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii na kazi yangu iko hapa kisiwani Mombasa. Leo nazungumza na mama, bibi, khalati, shangazi, na yeyote mwenye kijana anayetumia unga. Kama kijana mwenyewe yuko hapo barazani, usizime redio. Mwache naye asikie.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja wa Mji wa Kale. Mwanawe alikuwa ameuza vitu vya nyumbani hadi mtungi wa gesi. Mama akaniambia, "Sista, nimeshapata dawa. Nampeleka Tanga kwa ami yake. Kule hana rafiki wala kijiwe." Nikamsifu kwa uamuzi huo. Kijana akakaa Tanga miezi minne, akanenepa, akawa haachi swala msikitini. Akarudi siku mbili kabla ya Idi. Usiku wa Idi alikutwa chooni, midomo imegeuka rangi. Alipofikishwa hospitali alikuwa amekwisha fariki.

Mtaani wakasema aliuziwa unga mbaya. Huenda. Lakini kuna jambo ambalo mimi nililijua na sikumwambia mama yule. Mwili ukitumia unga kila siku huuzoea, ukahitaji zaidi na zaidi. Ukipumzika, hata wiki chache tu, mazoea yale huondoka. Kijana akirudi na kuchukua kipimo chake cha zamani, pumzi inasimama. Ndiyo sababu siku za hatari kubwa ni zile tunazofurahia sisi: siku anayotoka jela, siku anayotoka nyumba ya kurekebishia tabia, siku anayorudi kutoka kwa ami.

Tena, mama, unampeleka wapi? Unga huu huletwa kwa bahari kutoka Asia, na majahazi hayachagui bandari moja. Unga upo Malindi, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Kijana mwenye arosto akishuka kwenye basi mji asioujua, hatachukua siku nyingi kupata pa kununua. Wauzaji wa miji hii walishikana mikono zamani. Sisi wenye watoto ndio tuliojifungia, kila mtu na aibu yake.

Mwaka 2010 ulipokuwa unakwisha na 2011 kuanza, unga uliadimika ghafla pwani yetu. Mateja wengi wakashikwa na arosto kwa wakati mmoja: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, wengine wakilala nje ya hospitali wakiomba msaada. Wakati huo hatukuwa na methadoni Kenya. Tulikuwa na vidonge vya maumivu na maneno ya subira.

Lakini miji yetu ilikuwa imeanza kufundishana. Malindi ilikuwa na Omari Project tangu miaka ya 1990, nyumba ya kuwasaidia vijana kuacha. Hapa Mombasa kuna MEWA, na kuna Reachout, ambao wahudumu wao huwafuata vijana huko huko vijiweni. Unguja, kuanzia mwaka 2009, waliokuwa wameacha unga wakaanzisha nyumba za kuwapokea wenzao. Dar es Salaam ikaanza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Kenya tukafuata: Nairobi mwisho wa 2014, Malindi 2015, kisha Kisauni ng'ambo ya daraja. Unguja nao wakaanza mwaka 2015.

Najua wapo wanaosema methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Nimeyasikia hata na wauguzi wenzangu. Mimi nimemwona mtu aliyekuwa akijidunga mara nne kwa siku sasa anakunywa dawa yake asubuhi mbele ya muuguzi, kisha anakwenda sokoni kubeba mizigo na jioni anarudi na unga wa ngano. Hajidungi, hachangii sindano. Na sindano ndizo zilizotuumiza: takwimu za Kenya za mwongo wa 2010 zilionyesha kwamba kati ya watu 100 wanaojidunga, takriban 18 wana virusi vya Ukimwi.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hili ndilo linalowapoteza wengi. Methadoni hunywewa kila siku. Kukitokea msiba Malindi au harusi Unguja, kijana asiondoke kimya kimya. Mwende kliniki siku kadhaa kabla, mseme anakwenda wapi na kwa siku ngapi. Wauguzi huweza kuwasiliana na kliniki ya kule na kumpa barua yenye kipimo chake, ili kama inawezekana anywe dawa akiwa huko. Akikosa dawa siku tatu mfululizo au zaidi, asidai kipimo kile kile. Apimwe upya kwanza. Barua hiyo itunze wewe mama, si yeye. (Nasema hivyo kwa uzoefu. Barua nyingi hupotelea mfukoni.)

Na kama unampeleka kwa ndugu mji mwingine, mwambie ndugu ukweli wote. Usimwambie "amekuja kubadilisha hewa." Ami asiyejua hawezi kumsaidia.

Ukimkuta hajibu, anakoroma kwa taabu au anavuta pumzi chache mno, midomo au kucha zimebadilika rangi, piga kelele za msaada. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimdunge maji ya chumvi. Akiwa hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua na mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano. Akianza kupumua, mlaze ubavu. Mpelekeni hospitali haraka, na mseme wazi kwamba ametumia unga. Ipo sindano ya nalokisoni inayorudisha pumzi, ila nguvu yake huisha mapema, kwa hiyo asirudishwe nyumbani mara tu anapofumbua macho.

Mabinti pia wanatumia, hasa ndani kwa siri. Sijui kwa nini tunasahau kuwauliza.

Mama yule wa Mji wa Kale ana mtoto mwingine wa kiume, naye alikuwa akitumia. Safari hii hakumpeleka Tanga. Kwa miezi mitatu ya mwanzo alipanda naye matatu kila asubuhi hadi Kisauni, akakaa nje kwenye benchi akimsubiri anywe. Siku hizi kijana huenda peke yake.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya mama mjamzito anayetumia unga. Kwaherini.