Kukesha na Nyota Wakati wa Baridi: Matayarisho ya Vyombo na ya Watu



Elimu ya nyota si elimu ngeni katika nyumba ya Mwislamu. Mwenye kutafuta kibla, mwenye kupima nyakati za sala, na mwenye kungojea mwezi mwandamo, wote hao hapana budi wainue macho yao juu. Kwa sababu hiyo wanazuoni wa zamani waliishughulikia mbingu kwa bidii kubwa. Abdul-Rahman As-Sufi, katika karne ya 10, alitunga kitabu cha nyota zisizohama, na ndani yake alitaja wingu dogo ambalo leo hujulikana kuwa ni kundi kubwa mno la nyota lililo mbali kupita kiasi. Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand, alijenga nyumba ya kutazamia nyota, na orodha yake ya mwaka 1437 ilikuwa na nyota zaidi ya 1,000. Hata leo Wazungu wanapoitaja nyota ya Aldebaran, hulitamka neno la Kiarabu Ad-Dabaran, maana yake mfuasi, kwa kuwa nyota hiyo huifuata Thuraya, ambayo wakulima wa Kiswahili huiita Kilimia. Na wanapoitaja Rigel, hutaja rijl, yaani mguu.

Basi si ajabu kuwapo watu, katika nchi nyingi, ambao hutazama nyota kwa mapenzi tu, ilhali riziki yao huipata kwa kazi nyingine. Yupo mwalimu, yupo fundi wa magari, yupo muuza duka. Watu hawa huweka miadi, hukusanyika mahali penye giza pamoja na darubini zao, na hukesha. Uingereza ya kaskazini, kwa mfano, upo msitu wa Kielder, mbali na taa za miji. Msitu huo pamoja na mbuga ya Northumberland inayopakana nao, eneo la karibu kilomita za mraba 1,500, ulitangazwa mwaka 2013 kuwa hifadhi ya giza la usiku. Huko wapenzi wa nyota hupiga mahema yao katika miezi ambayo usiku wake ni baridi, nao hupeana zamu ya kutazama.

Huenda mtu akauliza: kwa nini wachague baridi, na wasingojee majira ya joto? Jibu lake ni jepesi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta usiku na mchana hulingana takriban mwaka mzima, walakini kaskazini sivyo. Mjini London, siku za katikati ya Juni, giza kamili halipatikani kabisa. Bali siku za mwisho wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri na halichomozi mpaka saa mbili asubuhi, usiku wa karibu saa 16. Tena katika majira hayo ndipo Kilimia na nyota kubwa za Jauza zinapokuwa juu ya anga, na mnamo tarehe 13 na 14 Desemba huonekana vimondo vingi vinavyotokea upande wa kundi la Mapacha. Mwenye kuzitaka nyota hizo, hana budi aikubali na baridi yake.

Lakini baridi ni mgeni mkali. Huharibu kazi ya vyombo, na asiyejihadhari humdhuru mwenye vyombo. Matayarisho yake, basi, ni ya namna mbili: ya vyombo na ya watu.

Ama vyombo, la kwanza ni kuvikagua nyumbani mchana, si kule msituni usiku. Darubini husimamishwa uani, skrubu zote hukazwa, na vioo vyake hutazamwa kama vimeelekeana sawasawa. Jambo hili hufanywa kwa kuielekeza darubini kwenye mti au mnara ulio mbali, wala haielekezwi kwenye jua hata mara moja. Maana nuru ya jua ikikusanywa na darubini hupofusha jicho kwa dakika isiyotimia. Kila kitu kidogo, kama bisibisi, spana, na lenzi za kuwekea jicho, huwekwa katika sanduku lenye vyumba, na kila kimoja hupewa mahali pake. Mwenye sanduku la namna hiyo huweza kukitwaa kitu gizani kwa kupapasa. Asiyekuwa nalo huwasha taa kubwa, akawaudhi wenzake wote.

La pili ni kuipoza darubini. Kioo kikubwa cha darubini hutunza joto la nyumba kama chungu kilichoepuliwa motoni. Kinapotolewa ghafula kwenye baridi, hewa iliyo juu yake hupata moto na kupanda, nayo nyota hutetemeka kama kitu kinachotazamwa juu ya moshi wa jiko. Wengi wamezilaumu darubini zao kwa kosa hili, wakadhani wameuziwa chombo kibovu. Dawa yake ni subira: chombo kitolewe nje saa moja au mbili kabla ya kutumiwa, na kadiri kioo kilivyo kikubwa na kinene, ndivyo muda unavyozidi. Wakati wa kurudi nyumbani, mambo hugeuka. Darubini iliyopoa ikiingizwa wazi katika chumba chenye joto, unyevu wa hewa huigandia na kulowesha vioo vyake. Kwa hiyo hufunikwa vizuri kule kule nje, ndipo iingizwe, nayo huachwa ndani ya mfuko wake mpaka ipate joto polepole.

La tatu ni umande na sakitu. Usiku ulio mweupe, kitu chochote kilichoelekea mbinguni hupoteza joto lake upesi, hata kikawa baridi kuliko hewa yenyewe. Hapo ndipo umande hukaa juu yake, na baridi ikizidi ukawa sakitu. Lenzi iliyoshikwa na umande haioni kitu. Kinga yake si ghali: karatasi ngumu au jamvi la sponji hukunjwa mithili ya bomba, likavishwa mdomoni mwa darubini, urefu wake ukapita upana wa lenzi kwa nusu yake au zaidi. Wenye uwezo huongeza ukanda wa umeme unaotoa joto dogo kuizunguka lenzi. Umande ukishaingia, haufutwi kwa leso wala kwa ncha ya nguo, kwani chembe za vumbi hukwaruza kioo. Bali hukaushwa kwa joto la taratibu. Na mwenye kutazama ageuze uso pembeni anapovuta pumzi, maana pumzi ya mtu mmoja yatosha kuifunga lenzi kwa ukungu.

La nne ni umeme. Betri huchoka kwa baridi kama mnyama. Betri ya gari iliyopata baridi ya digrii 18 chini ya sifuri hutoa kiasi cha nusu tu ya nguvu zake. Hivyo mwenye busara huchukua betri nyingi kuliko hesabu yake, kwa kuwa akiba haiozi. Betri ndogo na simu huziweka katika mfuko wa ndani, karibu na kifua, na ile kubwa huiweka ndani ya sanduku lililofunikwa blanketi, juu ya ubao, si juu ya ardhi. Betri za lithiamu hazichajiwi zikiwa chini ya sifuri, kwani huharibika ndani bila ya kuonyesha dalili. Kadhalika grisi nzito iliyo katika magurudumu ya kuzungushia darubini huganda, nayo mashine ikakataa kwenda. Hubadilishwa mapema kwa grisi nyepesi iliyotengenezewa baridi.

La tano ni taa. Jicho la binadamu huhitaji dakika 20 mpaka 30 lizoee giza, na mwanga mkali wa nukta moja hulirudisha lilikotoka. Kwa sababu hiyo katika makutano hayo hutumiwa tochi nyekundu hafifu, na uso wa simu hufunikwa kwa karatasi laini nyekundu. Gari huegeshwa kabla ya giza, na kichwa chake huelekezwa njia ya kutokea, ili mwenye kuondoka usiku asiwamulike wenzake. Hii ni adabu kabla ya kuwa elimu: mtu mmoja asiyejizuia huweza kuwanyima watu hamsini nusu saa ya usiku wao.

Ama watu, yafaa ifahamike ya kwamba mtazamaji wa nyota hupigwa na baridi kuliko mpanda mlima. Mpanda mlima hutembea na damu yake huchemka. Mtazamaji husimama pale pale saa nyingi. Hivyo nguo zake ziwe tabaka juu ya tabaka: ya ndani iliyo nyepesi na isiyoshika jasho, ya kati ya sufu, na ya juu isiyopenya upepo. Pamba ikilowa haipashi joto. Soksi ziwe nzito, lakini viatu visibane, kwani mguu uliobanwa hukosa damu. Ardhi nayo hunyonya joto kupitia nyayo, ndipo wazoefu wakatandika jamvi nene au ubao wa kusimamia. Mikononi huvaliwa glavu nyembamba ndani ya nzito, ili kazi ndogo ifanyike bila ya ngozi kuguswa na chuma. Maana katika baridi kali mkono wenye unyevu huganda juu ya chuma ukabanduka ngozi. Chakula kiwepo, na chai ya moto katika themosi. Pombe, licha ya uharamu wake kwa Mwislamu, humdanganya mnywaji: humfanya ahisi joto, kumbe joto la mwili latoka nje kwa wingi zaidi.

Dalili za hatari huonekana kwa mwenziwe mtu kabla hajazijua mwenyewe. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, mtu hutetemeka, ulimi wake huwa mzito, mikono haishiki, na akili hupotea kidogo kidogo hata akasema yu mzima. Wala kukoma kutetemeka si alama ya nafuu. Huenda ikawa mwili umeshindwa. Huyo hapaswi kuachiwa achague. Huondolewa penye upepo, huvuliwa nguo zilizolowa, hufunikwa kwa makavu, hupewa kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa bado ana fahamu za kumeza, na tabibu hutafutwa. Kwa hiyo katika makutano yaliyopangwa vyema kila mtu hupewa mwenzake wa kumwangalia, na waliobaki nyumbani huambiwa ni wapi walikokwenda na saa ya kurudi.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Baridi inapozidi, mtu hutamani kuingiza moto ndani ya hema au gari lililofungwa. Hapo ndipo mauti yanapojificha. Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksaidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hupata usingizi, na asiamke tena. Wapenzi wa nyota huko kaskazini wamelifanya kuwa sheria: moto hukaa nje, na katika hema huingia mablanketi tu.

Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu wa theluji peke yao. Katika milima ya Kigezi, ambako mji wa Kabale upo kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na katika nyanda za juu za Rwanda, Burundi na Kivu, baridi ya alfajiri huwafanya wazazi waingize jiko la makaa chumbani walimolala watoto, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Nia yao ni huruma, walakini huruma isiyo na maarifa huweza kuua nyumba nzima kwa usiku mmoja. Asiyetaka kamwe kuitazama nyota, na alichukue hili kwake, na alifikishe kwa jirani yake.

Na mwenye kutaka kuzitazama, hahitaji kusafiri mpaka Uingereza. Vilima hivyo hivyo vina anga safi, tena vinazo nyota za kaskazini na za kusini pamoja, neema ambayo watu wa Kielder hawanayo. Madrasa yenye darubini moja ndogo, jamvi, kinga ya umande ya karatasi ngumu, tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, na chai ya kutosha, yaweza kuwakesheza vijana wake usiku mmoja wa kiangazi, wakajifunza majina ambayo wazee wao katika dini waliyapa mataifa yote. Jioni ya mwezi mwandamo, vijana hao watakuwa wameshajua upande wa kutazama, na namna ya kutunza chombo na jicho.

Baridi haina mchezo, wala haiwashindi waliojitayarisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mwenye kuziba nyufa zake mchana, usiku hukaa kwa raha, akatazama.