Harufu Inayofukuza: Kutoka Moshi wa Tembe Hadi Sitronela

Leo nazungumzia harufu, ile inayompoteza mbu njia asikufikie.

Tuanzie ndani ya tembe, nyumba ya Wagogo wa hapa Dodoma yenye kuta za miti na udongo, paa bapa, na zizi lililozungukwa na vyumba. Jioni mifugo ilipoingia, mavi makavu ya ng'ombe yaliwashwa yakafuka moshi taratibu. Ng'ombe walipumzika kutokana na bughudha ya nzi, watu wakapata nafuu ya mbu. Mbu humtafuta mtu kwa kunusa: hufuata pumzi yake na harufu ya ngozi yake. Ukiivuruga harufu hiyo, anatangatanga.

Lakini humo humo tembeni alikaa adui ambaye moshi haukumgusa. Namsema papasi, kupe laini anayejificha mchana katika nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, na kutoka usiku kunyonya damu. Homa yake huja, huondoka, kisha hurudi baada ya siku kadhaa. Wapagazi wa misafara iliyokatiza Ugogo kwenda Tabora walilala kambini palepale walipolala wenzao waliotangulia, na papasi alikuwa akiwasubiri. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alikufa kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza, huko Kasongo, mashariki mwa Kongo. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba vijidudu vya homa hiyo hupita kutoka kwa papasi mama hadi kwenye mayai yake. Basi hata kambi iliyohamwa haikuwa salama. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, safari ndefu za miguu zilianza kufifia.

Namtaja papasi kwa sababu anatufundisha mpaka wa harufu. Harufu hufukuza kinachonusa hewani. Aliyejichimbia ufani haimhusu. Huyo dawa yake ni kuziba nyufa, kusakafia na kuinua kitanda.

Sasa tuje kwenye sitronela. Ni nyasi, ndugu wa damu wa mchaichai tunaoutia kwenye chai. Ukitaka kuzitofautisha, tazama shina karibu na ardhi: la sitronela lina wekundu, la mchaichai ni la kijani kilichopauka. Mafuta yake yalianza kutajirisha wafanyabiashara wa Ceylon, Sri Lanka ya leo, katika karne ya 19, yakapelekwa Ulaya kutiwa katika sabuni. Baadaye Java ikashika soko. Marekani iliyasajili kama dawa ya kufukuza wadudu mwaka 1948.

Hapa niseme wazi, maana watu wengi wanadanganyika. Kuotesha shina moja la sitronela karibu na mlango hakumfukuzi mbu. Mafuta yamefungwa ndani ya jani. Lisipopondwa au kuchemshwa, harufu ni kidogo mno. Na hata ukijipaka, nguvu yake haidumu, kwa kuwa mafuta haya huruka haraka hewani. Mwaka 2002 watafiti Mark Fradin na Jonathan Day walichapisha majaribio yao huko Marekani: dawa za sitronela walizozijaribu zililinda mkono kwa chini ya dakika 20, wakati dawa yenye takriban asilimia 24 ya DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, ilifikisha saa 5.

Je, tuitupe? Hapana. Ina kazi zake nyumbani. Chemsha majani, maji yake yatumie kudekia sakafu na kuoshea choo; harufu nzuri itabaki. Ukikaa barazani jioni, ponda majani mabichi ujipake miguuni, na urudie mara kwa mara. Ukinunua mafuta yake, usiyapake yakiwa makali hivyo hivyo, yanaunguza ngozi. Tia matone machache katika mafuta ya alizeti, ambayo mikoa ya Dodoma na Singida inayo tele, kisha jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Watoto wachanga usiwapake.

Kwa ardhi yetu kavu, ambako mvua hunyesha toka Desemba hadi Aprili halafu mbingu zinafunga, otesha shina lako pale maji ya bafuni yanapomwagikia. Litastawi bila kukugombanisha na ndoo ya maji ya kunywa. Lakini maji hayo yasituame, maana dimbwi ni mahali pa mbu kuzalia.

Mbu aenezaye malaria hushika kazi hasa usiku, tukiwa tumelala, saa ambazo sitronela ya jioni imekwisha kutoweka ngozini. Nakuomba, msikilizaji: furahia harufu yake barazani, lakini ukiingia kulala, teremsha chandarua chako na ukichomeke vizuri chini ya godoro.