Mipaka ya Wajibu katika Aina Kuu za Huduma za Wingu

Taasisi inayohamishia kazi zake katika wingu hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hukodi nguvu za kompyuta isizozimiliki, na hugawana wajibu na mtoa huduma ambaye huenda isikutane naye kamwe. Jambo la kwanza huonekana katika ankara ya kila mwezi, na kwa hiyo ndilo linalotawala vikao vya bajeti. La pili hujificha hadi siku data zinapopotea au kuvuja, na hapo ndipo wahusika huanza kuulizana ni nani aliyepaswa kufanya nini. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba aina kuu za huduma za wingu hutofautiana, kwanza kabisa, kwa mahali unapopita mpaka wa wajibu huo, na kwamba anayechagua huduma bila kuujua mpaka wake huwa amechagua bei tu.

Wingu ni utaratibu wa kutumia, kupitia mtandao, seva, hifadhi za data na programu zilizomo katika vituo vya data vya mtoa huduma, kwa kiasi na kwa muda unaohitajika. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika waraka wake wa Septemba 2011 ulioandikwa na Peter Mell na Timothy Grance, iliainisha sifa tano za utaratibu huo: mteja hujihudumia mwenyewe pale anapohitaji; huduma hufikiwa kupitia mtandao kwa vifaa vya namna mbalimbali; rasilimali za mtoa huduma hutumiwa kwa pamoja na wateja wengi; kiasi chake huongezwa na kupunguzwa upesi; na matumizi hupimwa. Kwa kipimo hicho, seva iliyokodiwa kwa mkataba wa mwaka mzima, isiyoweza kuongezwa wala kupunguzwa, si huduma ya wingu hata ikiwa iko ng'ambo.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1961, John McCarthy alitabiri katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kwamba siku moja huduma ya kompyuta ingeweza kutolewa kwa umma kama ilivyotolewa huduma ya simu. Kilichowezesha utabiri huo kutimia ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, kiasi kwamba seva moja ya chuma huweza kubeba mashine nyingi zilizotengwa, kila moja ikiwa na mfumo endeshi wake. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon iliuza huduma ya kuhifadhi data, kisha ikaanza kukodisha mashine pepe kwa senti 10 za dola ya Marekani kwa saa, na tangu hapo kukodi seva kukaacha kuwa jambo la mashirika makubwa peke yake.

Waraka wa 2011 unagawa huduma hizo katika aina tatu, na tofauti zake hubainika zaidi zinapopimwa kwa kazi moja, tuseme chuo kinachotaka kutangaza matokeo ya mitihani kwa maelfu ya wanafunzi watakaofungua ukurasa uleule ndani ya saa chache.

Aina ya kwanza ni miundombinu kama huduma. Mtoa huduma hutunza jengo, umeme, vipoza hewa, seva halisi na programu inayoziunda mashine pepe. Chuo hupewa mashine pepe, hifadhi na mtandao, kisha chenyewe huweka mfumo endeshi, huusasisha kila kasoro ya usalama inapogunduliwa, huendesha hifadhidata na hupanga ni milango ipi ya mtandao ibaki wazi. Siku ya matokeo kinaweza kukodi mashine kumi na kesho yake kurudisha tisa. Uhuru ni mkubwa, lakini chuo kisicho na wahandisi wa kuusimamia hubaki na seva zisizosasishwa, na kosa hilo mtoa huduma hatalirekebisha kwa sababu haliko upande wake wa mpaka.

Aina ya pili ni jukwaa kama huduma, ambayo Google App Engine, iliyozinduliwa mwaka 2008, ni mfano wake wa mwanzoni. Hapa mtoa huduma huchukua pia mfumo endeshi na mazingira ya kuendeshea programu, na wataalamu wa chuo huandika programu ya matokeo na kuipandisha tu. Wasomaji wakiongezeka, jukwaa huongeza nguvu lenyewe. Gharama yake haimo yote katika ankara, kwa kuwa programu iliyoandikwa kwa kutegemea zana za jukwaa moja ni vigumu kuihamishia kwingine.

Aina ya tatu ni programu kama huduma. Chuo hakiandiki chochote: hujisajili katika mfumo uliokamilika wa kusimamia taarifa za wanafunzi na kuutumia kwa kivinjari, kama watu wanavyotumia barua pepe za mtandaoni. Karibu kazi yote ya kiufundi iko kwa mtoa huduma, na hapo ndipo hatari ya kujisahau ilipo kubwa zaidi, kwani mambo mawili hayahami katika aina yoyote: data zenyewe, na uamuzi wa nani aruhusiwe kuziona. Mfumo ulio imara kiasi gani hauwezi kumzuia karani aliyeachwa na ruhusa ya kubadilisha alama miaka miwili baada ya kuhama idara.

Mgawanyo mwingine huhusu nani anayelitumia wingu: wingu la umma huhudumia wateja wote, la binafsi hutumikia taasisi moja, la jumuiya hutumiwa na taasisi zenye mahitaji ya pamoja, na wingu mseto huunganisha namna mbili au zaidi. Mgawanyo huu hauondoi ule wa kwanza, kwa kuwa aina zote tatu za huduma huweza kutolewa katika kila namna.

Kwa Afrika Mashariki, mpaka wa wajibu una pia sura ya sheria na ya jiografia. Sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaibebesha taasisi inayokusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na zinaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kumkabidhi mtoa huduma data hizo hakuifutii taasisi wajibu huo. Tena, baadhi ya vituo vikubwa vya data vinavyotumika katika ukanda huu viko Afrika Kusini, ambako Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019 na Amazon mwaka 2020. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani, na ilidhihirika kwamba huduma iliyo nzima kabisa huko iliko haimfai mtu asiyeweza kuifikia.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba kutiwa saini, taasisi inapaswa kuandika majibu ya maswali manne: ni kazi zipi za ulinzi zinabaki mikononi mwake, data zitahifadhiwa nchi gani, nakala rudufu zitakaa wapi endapo mtandao utakatika, na data zitarudishwaje mkataba ukivunjika. Vyuo vikuu navyo vina deni la kuwaandaa wahandisi, wanasheria na maofisa ununuzi wanaoweza kuyajibu kwa pamoja. Mashine zinaweza kukodiwa kwa saa. Dhamana kwa mwanafunzi, mgonjwa au mlipakodi ambaye taarifa zake zimo ndani ya mashine hizo haikodishwi kwa yeyote.