Ng'ombe Yupo, Mlaji Yupo: Mhadhara wa Kupokea Uprofesa

Wazee wangu mmetoka Kajiado kabla ya jogoo kuwika ili mje kunisikiliza. Namwona kaka yangu safu ya pili, fimbo yake mapajani. Mlinzi wa lango alitaka aiache nje. Tumeelewana.

Nitaanza na sotoka. Ugonjwa ule ulishuka kutoka Pembe ya Afrika, ukaingia nyanda za Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukafyeka ng'ombe boma baada ya boma. Njaa ikafuata, na ndui juu yake. Wamaasai huziita siku zile Emutai, yaani maangamizi. Baadaye Walter Plowright na wenzake wakatengeneza, hapa hapa Muguga, chanjo iliyokuja kuushinda. Kisa cha mwisho kinachojulikana duniani kilionekana Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kwamba imetokomezwa. Basi sisi madaktari wa mifugo tulilelewa na hadithi hiyo. Tukisikia tauni, macho yetu huenda moja kwa moja kwa ng'ombe: anakula? anacheua? pua yake ina unyevu?

Korona ilipokuja, ng'ombe alikuwa anakula na anacheua. Hakupiga hata chafya. Mvua za mwisho wa mwaka 2019 zilikuwa zimejaza malisho, na maksai wa kaka yangu walikuwa wamenona hadi mbavu hazionekani. Mlaji naye alikuwepo, Rongai na Kitengela, na hamu ya nyama anayo. Ng'ombe yupo, mlaji yupo, na bado mfugaji akalala njaa. Kilichokatika ni njia iliyo kati yao, na njia hiyo sisi wataalamu hatukuwa tumeisomea.

Tuitazame basi, na tuanze na saa. Bucha nyingi za vijijini na za mitaa ya kando hazina friji ya maana. Kwa hiyo ng'ombe huchinjwa saa nane au saa tisa usiku, mkaguzi hupiga mhuri, na nyama husafirishwa ndani ya sanduku la bati nyuma ya pikipiki ili ining'inizwe kabla jua halijawaka. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ikaanza: kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kila mtu ndani. Mwenye kichinjio angeweza kutafuta barua ya ruhusa, na mkaguzi pia. Lakini yule kijana anayechuna ngozi, na yule anayeosha matumbo, hawakuandikwa kazi na mtu yeyote. Hulipwa kwa kila ng'ombe. Nani angewaandikia barua? Pale kwetu uchinjaji ukasogezwa hadi kulipopambazuka. Nyama ikawa inafika buchani saa nne, saa tano, wakati mama wa nyumba amekwisha kununua maharagwe. Ikilala, kesho yake inaitwa nyama ya jana, na bei yake ni ya jana vilevile.

Tarehe 6 Aprili likaja zuio la kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Wenye kuchora mpaka waliziweka Ngong, Kiserian, Rongai na Kitengela upande wa ndani. Malisho yakabaki nje. Magari ya chakula yaliruhusiwa kupita, hilo ni kweli, lakini ng'ombe hasafiri kama gunia la viazi. Anataka mtu wa kumshika, kibali, na mwenyewe awepo bei inapotajwa. Serikali za kaunti nazo zilikuwa zimefunga masoko ya mifugo kwa kuhofia msongamano. Zuio halikuondolewa hadi Julai.

Hapa ndipo dalali alipopata neema yake. Simlaumu sana; naye ana watoto. Lakini fahamuni jinsi ng'ombe anavyouzwa kwetu. Hapandishwi mzani. Mnunuzi humzunguka, humgusa mgongo kwa fimbo, humfinya shina la mkia, kisha hutaja bei. Chukua maksai wa kilo 300. Nyama yake pamoja na mifupa itakuwa kama nusu ya uzito huo, kilo 150 hivi. Mfugaji akikubali kwamba ana kilo 270, amegawa kilo 15 za nyama bure. Tuseme kilo ni shilingi 400 buchani: shilingi 6,000 zimepita hewani na hakuna aliyeiba. Siku ya soko, mfugaji hujilinda kwa kusikiliza: jirani kauza ngapi, yule dume mwekundu kaenda ngapi. Soko likifungwa, dalali huja bomani peke yake, na mfugaji hana wa kumsikiliza ila yeye.

Na yako matatizo ya ng'ombe mwenyewe, nikimaanisha umbo lake. Ng'ombe ana ini moja. Mbavu zake zilikuwa za nyama choma, steki za hoteli, kichwa na miguu vya vibanda vya supu, na shule za bweni zilichukua zile sehemu ngumu zinazotaka moto mrefu. Shule zilifungwa katikati ya Machi, mikahawa ikafuata, na vibanda vya supu, ambavyo biashara yao ni ya jioni, vikauawa na kafyu. Akabaki mama wa nyumbani anayetaka nusu kilo ya mchanganyiko. Mwenye bucha hawezi kuchinja nusu kilo. Ni lazima auze ng'ombe mzima, au asichinje.

Kule Marekani mambo yalikwenda kinyume, na nawaomba muyalinganishe. Kampuni nne ndizo huchinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa. Aprili 2020 wafanyakazi wa viwanda hivyo waliugua kwa mamia, na viwanda kadhaa vikafungwa, kikiwemo kile cha JBS mjini Greeley, Colorado. Kufikia mwisho wa mwezi uchinjaji ulikuwa umeanguka kwa karibu asilimia 40 ukilinganishwa na mwaka uliotangulia. (Msidhani ni habari za mbali. Kwenye kiwanda cha nguruwe cha Tyson kule Waterloo, Iowa, baadhi ya walioshika visu walikuwa Wakongo waliokimbia vita. Virusi vilipopita pale, viliwapata watu wa lugha yetu hii.) Nyama ikapungua madukani, na ghafla familia za mjini zikawatafuta wakulima wadogo: nipe robo ng'ombe, nipe nusu, nimenunua friza. Wateja ambao mkulima aliwaota miaka kumi wakaja kwa wiki moja. Hakuwa na mahali pa kuchinjia. Vichinjio vidogo vilijaa miadi hadi mwaka 2021, na sheria ya kule hairuhusu kuuza kipande cha nyama ambayo haikukaguliwa. Njia ya kupenya ilikuwa moja: mlaji anunue sehemu ya ng'ombe akiwa bado hai, kisha achinjiwe mali yake mwenyewe, na nyama igongwe mhuri kwamba si ya kuuzwa. Jimbo la Wyoming lilipanua sheria yake mwaka 2020 ili kuruhusu ubia wa aina hiyo.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kwa sababu kaka yangu alikuwa akifanya jambo lilo hilo bila kumwuliza wakili. Alikuwa na maksai wanne wa kuuza. Mmoja alimgawa kwa majirani kumi na wawili kabla hajachinjwa, kila mmoja fungu lake, malipo kwa simu, wengine kwa mdomo hadi mambo yatakapotengemaa. Wawili kati yao wapo humu ukumbini na bado wanadaiwa. Sitawataja.

Maksai wa pili alimwuzia dalali kwa bei ya kilio. Wawili akawaweka. Mimi ndiye niliyemshauri awaweke. Nilimwambia kile tunachofundisha: ng'ombe ni benki, nyasi zipo, asiyeuza hajapata hasara. Msimu wa mvua wa Oktoba 2020 ukafeli, na baada yake ikafeli mingine minne mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini katika ukame ule. Maksai wale wawili walikufa mwaka 2022 wakiwa njiani kwenda Chyulu, mmoja asubuhi, mwenzake jioni. Katika vitabu vya hesabu wameandikwa chini ya ukame. Mimi nasema walikufa Machi 2020, siku lango la soko lilipotiwa kufuli. Ilichukua miaka miwili mizoga kuonekana.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti masoko ya mifugo na vichinjio. Kwa hiyo najua mlango wa kubisha. Ninachoomba ni kidogo: soko lenye mzani, chumba cha baridi cha mizoga kumi tu karibu na malisho, na mkaguzi ambaye barua yake ya dharura imeandikwa mapema, ikiwa na majina ya vijana wachunaji.

Kwa sasa, badala ya mzani, tunatumia utepe. Unauzungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unasoma sentimita, upande wa pili umeandikwa kilo. Si sahihi kabisa, lakini unalishinda jicho. Nilimpa kaka yangu utepe mmoja mwaka jana. Dalali alipofika alikataa kuutazama, akasema yeye ng'ombe anawajua tangu tumboni mwa mama yake. Kaka akampima mnyama hata hivyo, akaukunja utepe akautia mfukoni, kisha akaitaja ile namba kwa sauti ili majirani waliosimama uani waisikie.