Ajali ya Florida na Kilemba cha Dereva

Agosti 2025, dereva wa lori aligeuza pasiporuhusiwa kwenye barabara kuu ya Florida. Gari dogo likagonga ubavu wa tela, watu watatu wakafa. Dereva alikuwa Kalasinga, mhamiaji kutoka India. Siku chache baadaye, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, akasimamisha utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori kutoka nje.

Tangu Juni mwaka huo, dereva anayekaguliwa njiani na kushindwa kujieleza kwa Kiingereza huzuiwa kuendelea na safari. Hapo sina ugomvi; vibao vya barabarani lazima avisome. Lakini hasira imeruka leseni ikatua kwenye kilemba: Makalasinga wasiohusika kabisa wanatukanwa wakisimama kujaza mafuta.

Leseni ya dereva yule, jamani, haikuokotwa. Ilitolewa na jimbo. Na kampuni za uchukuzi, zinazolia kila siku kwamba hazipati madereva, hulipa kwa maili. Lori likikaa ghalani kusubiri mzigo, mara nyingi dereva hukaa bure. Usiku analala kwenye kabini.

Septemba, serikali kuu ya Marekani ikatangaza kuwabana katika leseni za malori hata wanaosubiri hifadhi. Huko Minneapolis na Columbus, Wasomali wengi wanaishi kwa usukani wa malori.